Mama alipouliza walilala wapi

Mama yangu amepikia watu pilau kwa miaka 34 bila kuuona mkarafuu. Ni mpishi wa shughuli. Upande wetu wa Mbagala hakuna asiyemjua. Harusi, maulidi, hitima, kipaimara, masufuria yake yameingia nyumba za Waislamu na za Wakristo bila kubagua. Karafuu anaijua kwa ukucha. Anaokota moja kwenye gunia la muuzaji pale Kariakoo, anaibonyeza shingoni, mafuta yakijitokeza ananunua, yasipojitokeza anaaga na kuondoka. Zilizopukutika vichwa hataki hata kuzisikia.

Lakini kwao hakuna karafuu. Amezaliwa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako samaki mbasa anahitaji chumvi, moto na mtu asiye na haraka. Pilau aliikuta Dar es Salaam alipokuja kukaa kwa shangazi yake, akajifunza kwa kumenya vitunguu nyuma ya jiko la mama mmoja wa Kilwa aliyekuwa hasemi jambo mara mbili. Mwaka jana magoti yakamgomea. Alipotangaza nyumbani kwamba masufuria makubwa sasa anamwachia mdogo wangu, nikamuuliza angependa nimpeleke wapi apumzike. Nilidhani atasema Liuli. Akasema, "Nipeleke nikaone viungo vinakoota."

Tukavuka kwenda Unguja Ijumaa moja ya Agosti. Kusi ilikuwa inavuma, boti inapanda na kushuka, Mama amefumba macho akiimba tenzi kimoyomoyo mpaka minara ya mji ikaonekana. Usiku tukalala kwa rafiki yangu Michenzani, kwenye yale maghorofa marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Nilikuwa nimeshapanga ziara ya siku moja kama wanavyopanga watalii wote: asubuhi Mji Mkongwe, mchana shamba la viungo, jioni mtu amerudi.

Kijana aliyekuja kututembeza ni wa hapo hapo Ng'ambo. "Shikamoo mama," akamwambia Mama, akampokea mkoba kabla hajaitikia. Akaniuliza nataka maelezo kwa lugha gani, maana yeye kazi yake huifanya kwa Kiingereza na Kitaliano. Nikamwambia Kiswahili. Akacheka kwa furaha kabisa. "Basi leo ulimi wangu unapumzika."

Hilo ndilo lililobadilisha siku nzima. Kwa Kiswahili mji ule unajieleza wenyewe, mtu huhitaji kuongezewa mengi. Tulianzia Forodhani, na jina tu lilitosha: hapa ndipo ilipokuwa forodha, mahali pa kutoza ushuru. Karafuu zote za Unguja na Pemba zilipaswa kupita hapa kabla ya kupakiwa vyomboni. Na watu waliosafirishwa kuuzwa walipita hapa vilevile, ushuru ukitozwa kwa kila kichwa. Kijana alilisema hilo taratibu, akiangalia bahari, na Mama akarudia peke yake: "Kwa kila kichwa."

Nyuma yetu Beit el-Ajaib ilikuwa imezungushiwa uzio. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikawa nyumba ya kwanza pande hizi kuwa na umeme na lifti, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka ukaua watu wawili waliokuwa kwenye ukarabati. Nilikuwa nimeiona nikiwa mwanafunzi, ikiwa nzima, na nilipoiona sasa moyo uliniuma kuliko nilivyotarajia. Mama alikuwa akiangalia nguzo. Akauliza hela ya nyumba kubwa kama hii ilitoka wapi. Kijana akaonyesha kidole juu ya mapaa, upande wa kaskazini, kama mtu anayeonyesha kwao. "Shamba, mama. Mji huu wote umejengwa na shamba."

Kwa watu wa Unguja neno shamba lina upana kuliko kwetu. Ukitoka mjini kwenda kokote, unakwenda shamba. Mji uko upande huu, shamba upande ule. Na katikati, zamani, palikuwa na mkono wa bahari ulioingia mpaka nyuma ya mji, ukivukwa kwa daraja. Mkono huo ulifukiwa zamani, ila Darajani pangali panaitwa Darajani, na ng'ambo ya daraja pangali panaitwa Ng'ambo. Ng'ambo ndiko walikokaa watumwa, watumwa walioachwa huru, wachukuzi, wavuvi, mafundi na maskini wa kila aina, katika nyumba za udongo na makuti, huku matajiri wakikaa kwenye mawe. Nilikuwa nimelala huko usiku mzima na sikuwa nimelifikiria jina hilo hata mara moja.

Vichochoroni sitakaa sana. Picha zake kila mtu amezihifadhi. Niseme mawili tu. La kwanza, vyumba vya nyumba zile ni vyembamba na virefu, na sababu yake ni boriti. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki upendavyo wewe, kwa hiyo chumba kinakomea pale boriti inapokomea, kama mita tatu hivi. Juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Fundi akikosea mchanganyiko wa chokaa, au wenye nyumba wakiacha maji ya mvua yapenye darini, boriti zinaoza na nyumba inaketi chini. La pili ni milango. Ile yenye tao juu na misumari ya shaba iliyochongoka ni ya mtindo wa Kihindi, ile yenye kichwa kilichonyooka ni ya Kiarabu. Kwenye fremu za mingi utaona mnyororo umechongwa kuzunguka pande zote. Wapo wanaosema ni alama ya ulinzi. Mama aliufuata mnyororo wa mlango mmoja kwa kidole kuanzia chini mpaka mkono ulipoishia, asiseme kitu. Mzee aliyekuwa ameketi kwenye baraza akamkaribisha kahawa, nasi tukaketi. Vikombe vidogo, kahawa chungu, kipande cha kashata. Mama alionja akasema imetiwa tangawizi, na hiliki pia kwa mbali. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha tukaenda Mkunazini.

Ni lazima nieleze habari ya Liuli kidogo. Mama ni Mwanglikana wa wale wanaoitwa watu wa UMCA, misheni ya Kiingereza iliyozaliwa baada ya Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. Ilipowashinda huko bara mwanzoni, walihamia Unguja mwaka 1864, na miaka kama 20 baadaye wakarudi ziwani na kuweka makao yao kisiwani Likoma. Kutoka Likoma walisafiri kwa boti kwenda vijiji vya ufukwe wa mashariki, kwetu kukiwemo. Bibi yake Mama alibatizwa na watu hao. Vitabu vya sala vya Kiswahili alivyokulia navyo chimbuko lake ni kazi iliyoanza Unguja, kwenye meza ya Askofu Edward Steere. Kwa hiyo Mama alipoingia kanisa lile la Mkunazini, akapiga goti kwa taabu akishika benchi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hili ni kanisa letu."

Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Miezi sita kabla ya hapo, tarehe 5 Juni, Barghash alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, manowari za Waingereza zikimtishia kufunga bahari yake. Soko lenyewe lilikuwa hapo hapo. Altare imewekwa, kwa masimulizi ya kanisa, mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watu, na sakafuni kuna duara la marumaru linaloonyesha mahali. Steere amezikwa nyuma ya altare. Karibu na hapo kuna msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, kule Chitambo, Zambia. Na mlangoni kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu. Wanasema mafundi walizigeuza Steere akiwa safarini, akarudi akaziacha hivyo hivyo. Mama alizipapasa zile nguzo akatabasamu. Hapo alikuwa bado na furaha.

Nje, kwenye bustani, kuna shimo la mraba. Ndani yake wamesimama watu watano wa mawe, kiwiliwili nusu kimezama, shingoni wana vyuma, na minyororo iliyopo ni ya kweli. Ni kazi ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Kijana wetu alieleza njia walizopitishwa watu: ya katikati, kutoka Ziwa Tanganyika na Manyema, kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, na ya kusini, kutoka Nyasa mpaka Kilwa Kivinje, kisha kwa jahazi mpaka hapa.

"Nyasa ipi, mwanangu?" Mama akauliza.

"Ziwa Nyasa, mama. Pande zote za ziwa."

"Mimi natoka huko."

Kijana akanyamaza. Nadhani amelieleza shimo lile mara mamia, na sijui kama amewahi kulieleza kwa Mnyasa. Akavua kofia, akaishika mkononi. Mama akamuuliza wakishanunuliwa walikwenda wapi. Akajibu kwamba wengine walipelekwa Oman na Ghuba, wengine visiwa vya Bahari ya Hindi, na wengi sana hawakwenda mbali, walibaki hapa hapa Unguja na Pemba.

"Kufanya nini?"

"Karafuu."

Mama alibaki pale kwenye shimo mpaka watalii wa vikundi viwili wakaja wakaondoka. Magari ya shamba yanaondoka mapema na tulikuwa tumeshachelewa, lakini kijana hakutuharakisha, na kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Njia ya shamba inafuata bahari, inapita Maruhubi na Mtoni, kwenye magofu ya majumba ya masultani, inafika Bububu halafu inakata kulia kupanda. Hewa inabadilika hapo. Udongo unakuwa mwekundu, minazi inarefuka, na kama kuna mtu ameanika karafuu barazani kwake utajua kabla hujamwona. Gari letu liliingia shamba moja karibu na Kizimbani, eneo ambalo Sultani Seyyid Said mwenyewe alikuwa na shamba lake la mikarafuu. Mbegu na miche ya mkarafuu haikuwa ya huku. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Wafaransa waliipenyeza Mauritius na Réunion, na kutoka upande huo ikaingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba Said aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, asiyetii anyang'anywe. Haikupita miaka mingi visiwa hivi vikawa ndivyo vinavyoilisha dunia karafuu.

Mwenye kutupokea shambani alikuwa mzee wa miaka 70 na kitu, amevaa kofia ya kushona kwa mkono, kisu kidogo mkononi. Mama akamwamkia, naye akamwitikia, "Marahaba, dada yangu, karibu shamba." Hapo ndipo Mama alipokuwa mtoto.

Siwezi kulieleza vizuri. Ziara hizi zina mchezo wake: mwenyeji anachuma jani, analikunja, anakupa unuse, wewe unabahatisha. Wageni hukosea wanacheka. Mama alinusa akiwa amefumba macho akataja yote, moja baada ya jingine, kama anayeita majina ya watoto wake: mdalasini, mchaichai, karafuu, pilipili manga, tangawizi, manjano. Mzee akaanza kumtafutia mitego. Akachimba mzizi wa mdalasini, Mama akanusa, akasita, akasema hii ni dawa ya kuchua kifua. Na kweli, mzizi wa mdalasini unanukia kafuri, gamba la shina ndilo linalonukia mdalasini. Akapasua kungumanga mbichi, ndani yake mbegu nyeusi imefungwa wavu mwekundu kama wa hariri. Mama aliinua mikono akaiweka mdomoni. Basibasi ameinunua maisha yake yote ikiwa kavu, rangi ya majani ya chai, na hakujua kwamba ilianza ikiwa nyekundu namna ile, wala kwamba hutoka tunda moja na kungumanga.

Halafu akauliza iliki iko wapi. Mzee akasema, "Hiliki? Umesimama nayo." Mama akatazama juu mitini. Akatazama kushoto na kulia. Mzee akagusa kwa fimbo chini, kwenye mashina ya majani marefu kama ya tangawizi, na pale chini kabisa, usawa wa udongo, kwenye vikonyo vinavyotambaa, zilikuwepo kokwa za iliki, mbichi, kijani. Mama mwenye magoti yaliyogoma alipiga magoti yote mawili matopeni. Akazigusa bila kuzichuma. "Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nafikiri inaanguka kutoka juu."

Akaulizia pia bizari nyembamba, ile ambayo bila yake hakuna pilau. Mzee akasema hiyo haioti Unguja, haijawahi. Inakuja kwa meli kutoka India na kwingineko tangu enzi za wahenga. Nililipenda jibu lile. Pilau yenyewe, chakula tunachokiita chetu pwani nzima, haijawahi kukamilika bila jahazi la mtu.

Mzee akatuonyesha vanila. Ua lake, mahali pasipokuwa na wadudu wa kwao Meksiko, halibebi mpaka mtu alichavushe kwa mkono, ua moja moja, asubuhi ya siku lile linapofunguka. Akachukua mwiba, akainua kile kiutando, akabana kwa kidole gumba, kazi ya nukta mbili. Namna hiyo ya kufanya iligunduliwa mwaka 1841 huko Réunion na mtoto wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius, naye alikuwa mtumwa. Nililijua hilo kwa kusoma, nikalisema. Mzee akaniangalia. "Mtumwa?" Nikamwambia ndiyo. Akarudisha mwiba kwenye mfuko wa shati.

Mikarafuu miwili ilikuwa na vishada. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, ikiwa imeanza kuona haya, wekundu unaingia kichwani, ikishachanua haifai. Mchumaji hupanda, mti unafika mita 10 na zaidi, huvuta tawi kwa kamba au kijiti cha pembe, huchuma kishada kizima, na matawi ya mkarafuu yanakatika ghafla. Chini wanachambua, karafuu huku na makonyo huku. Makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta. Kisha huanikwa kwenye majamvi siku nne, tano, wakizigeuza, wakiyakunja majamvi mawingu yakijikusanya. Mama aliuliza maswali ya mtu wa biashara. Kilo tatu mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Mkulima huuzia shirika la serikali, ZSTC, hana mnunuzi mwingine wa halali kwa mzigo mkubwa.

"Na wale wa zamani?" Mama akauliza. "Wale walioletwa. Walilala wapi?"

Kijana wetu alishtuka kidogo. Shambani swali hilo huwa haliulizwi. Mpaka siku ile nilikuwa sijaona jinsi ziara hii inavyokatwa vipande viwili: asubuhi mtu anaonyeshwa shimo na minyororo anahuzunika, mchana anavishwa kofia ya majani ya mnazi anachekeshwa, na hakuna anayemwambia kwamba ni watu wale wale. Waliouzwa Mkunazini ndio waliopanda miti hii. Mzigo uliotoka hapa ndio uliojenga Beit el-Ajaib. Ukiondoa shamba, shimo la Mkunazini halina sababu. Soko linakuwepo kwa kuwa kuna anayenunua, na aliyekuwa akinunua alitaka wachumaji.

Mzee hakujibu mara moja. Akatukaribisha mkekani chini ya mfenesi, akaketi.

"Walilala hapa hapa," akasema. "Vibanda vya makuti, pembeni mwa shamba. Bwana akiwapa kijipande walime muhogo wao. Siku tano za bwana, Alhamisi na Ijumaa zao."

Akaeleza habari ya tufani. Aprili 1872 upepo ulikuja ukang'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Pemba ilinusurika, na ndiyo sababu karafuu mpaka leo ni za Pemba zaidi. Wenye mashamba wa Unguja walitaka mikono ya kupanda upya, na mwaka uliofuata soko likafungwa. Watu waliendelea kuletwa kwa siri. Utumwa wenyewe ulibaki halali mpaka 1897. Na hata sheria ilipotoka, alisema mzee, mtu aende wapi? Wengi walibaki pale pale, kwenye ardhi ya mtu, wakilima chakula chini ya mikarafuu yake na kumpalilia. Ikawa hivyo mpaka Mapinduzi ya 1964, ardhi ikataifishwa, kisha serikali ikaanza kugawa eka tatu tatu.

"Hizi ni eka tatu za baba yangu," mzee akasema, akionyesha kwa kiganja, kuanzia mnazi ule mpaka ule.

Kisha akasema jambo ambalo nilimwomba ruhusa ya kuliandika, naye akanipa. Babu wa baba yake alikuwa akiitwa Mnyasa. Jina lake jingine walilijua, la Kiislamu, alilopewa hapa. Lakini shambani aliitwa Mnyasa, na kulikuwa na wengine: Myao, Mmanyema, Mzaramo, kila mtu na alikotolewa. Mzee alilisema kwa sauti ya chini kuliko yote aliyokuwa ametumia tangu tulipofika. Unguja habari hii haisemwi ovyo. Kuna nyumba ambamo haijawahi kusemwa.

Mama akasogea. "Upande gani wa ziwa?"

"Sijui, dada yangu. Hakusema. Au alisema, sisi hatukushika."

"Kuna neno lolote mlibaki nalo? La kwao?"

Mzee alifikiri muda mrefu. Akatikisa kichwa.

Hapo chakula kikaletwa. Ziara zote za viungo huishia na chakula, na chakula huwa pilau. Mke wa mwanawe ndiye aliyepika, akaweka sinia katikati, na kachumbari, na mchuzi wa samaki wa nazi. Mama alinawa, akala tonge la kwanza, sote tukimtazama maana tulikuwa tumeshamwambia yule dada kazi yake. Akamwambia karafuu alizotia ni mpya za mwaka huu. Dada akasema ndizo, zimeshuka jamvini juzi. Mama akasema zikiwa mpya namna hii mtu atie nusu ya kawaida, maana zinazidi nguvu. Yule dada akacheka, akasema mama mkwe wake pia humwambia hivyo hivyo. Wakaenda wote wawili jikoni, na huko wakakaa, nami nikaachwa na mzee mkekani, ananimenyea balungi.

Kidichi tulipita kwa haraka, kwenye bafu alilolijenga Said mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Ni pazuri. Sikuwa na macho ya kupaangalia. Mama hata hakushuka garini. Alikuwa na mfuko wa karafuu mapajani, zile alizonunua pale shambani, na kabla ya kulipa alikuwa amebonyeza moja kwa ukucha, mafuta yakatoka mpaka kwenye kidole cha pili.

Usiku, Michenzani, alimpigia simu kaka yake mkubwa Liuli. Simu za kule hukatikakatika, kwa hiyo alikuwa anasema kwa nguvu, nusu Kiswahili nusu lugha ya kwao. Akamwambia tulipita kanisa la Steere. Akamwambia iliki inaota chini, mjomba akakataa, wakabishana. Akamwambia kuna mzee huku ambaye babu yao aliitwa Mnyasa, hawajui wa wapi. Upande wa pili ukawa kimya nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia mjomba akiuliza kama mzee yule ana mwanya, maana watu wa kijiji fulani cha kule kwao wana mwanya wote. Mama akasema hakuangalia. Akasema angerudi kesho kuangalia kama boti isingekuwa ya asubuhi.

Mjomba ana jino linalomsumbua tangu Pasaka. Akamwomba Mama amtumie karafuu za kuuma. Mama alizigawa usiku ule ule kitandani, akachagua zenye vichwa, akazifunga kwenye kipande cha kanga na kukaza fundo kwa meno. Jumatatu jioni nilikipeleka kile kifurushi kituo cha mabasi. Kikaondoka alfajiri na basi la Songea, kibadilishwe huko gari la Mbinga, na kutoka Mbinga kitafutiwe mtu anayeshuka ziwani.